Kushuka Bergen na Haugesund: namna ya kupanga matembezi meli ya kitalii ikifunga gati Norwei

Ratiba ya meli ikiandika "Bergen 08:00–17:00", abiria wengi huhesabu muda wa saa tisa za kutembea. Haufiki. Meli ikishafunga kamba husubiri kwanza kibali cha kushusha abiria, kisha watu elfu mbili au zaidi hujipanga kwenye ngazi moja au mbili. Mguu wako utagusa gati saa mbili na nusu asubuhi, pengine saa tatu kasorobo. Jioni nako, mwisho wa kupanda huwa nusu saa kabla ya kung'oa, yaani saa kumi na nusu, na mwenye busara huwa amefika gatini saa kumi kamili. Umebakiwa na muda wa saa saba na ushei. Panga siku yote kwa kurudi nyuma kutoka hiyo saa kumi: andika kwanza saa ya kuwa gatini, kisha muda wa njia ya kurudi, kisha toa dakika thelathini za foleni na mvua, na kinachosalia ndicho cha kutalii.

Msemaji wa Kiswahili ana mtego wake hapa. Ukimwuliza dereva kwa Kiingereza akurudishe "saa kumi" huku kichwani unahesabu saa za Kiswahili, yeye atasikia saa nne asubuhi au saa nne usiku. Siku hiyo yote tumia tarakimu za saa 24, na umwonyeshe dereva namba iliyoandikwa: 16:00. Usilitegemee jua kukuambia kwamba jioni imeingia. Katikati ya mwezi Juni jua la Bergen huzama baada ya 23:00, na saa kumi na moja jioni kwa macho yetu ni kama mchana wa saa saba.

Tena hakikisha saa ya meli na saa ya mji ni moja. Majira ya joto Norwei iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, na majira ya baridi kwa saa mbili. Lakini meli iliyotoka Southampton huenda ikabaki na saa ya Uingereza, ambayo iko nyuma ya ile ya Norwei kwa saa moja, na simu yako ikinasa mtandao wa nchi kavu itajibadilisha yenyewe. Saa inayotawala ni ya meli. Piga picha ubao ulio mlangoni pa kutokea, maana ndio unaoandika saa ya mwisho ya kupanda kwa siku hiyo.

Viza na karatasi

Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya ila imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen hata kama atashuka kwa muda mfupi tu. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya matibabu inayotakiwa ni ya euro 30,000 au zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15.

Wengi hukwama kwenye idadi ya kuingia. Safari inayotoka Hamburg au Kiel, ikapita bandari za Norwei na kurudi Ujerumani, haitoki nje ya Schengen. Ikiwa katikati meli inagusa Visiwa vya Shetland, Orkney au Svalbard, umetoka na kuingia tena. Shetland na Orkney ni Uingereza. Svalbard ni mali ya Norwei lakini haimo katika Schengen. Omba viza ya kuingia mara nyingi, na ukipandia Southampton uwe na viza ya Uingereza inayokuruhusu kurudi. Kampuni ya meli hukagua haya siku ya kupanda, na anayepungukiwa huachwa bandarini bila kurudishiwa nauli.

Siku ya kushuka chukua kadi ya meli, kitambulisho chenye picha, na nakala ya pasipoti yenye ukurasa wa viza. Pasipoti yenyewe fuata agizo la meli. Nyingine huzihifadhi, nyingine hutaka uwe nayo.

Ziara ya meli au kujitembeza

Ziara inayouzwa na meli ni ghali zaidi, na sehemu ya bei hiyo unalipia jambo moja kubwa: basi lao likikwama, meli inalisubiri. Ukijipangia mwenyewe na ukachelewa, haikusubiri. Kanuni tunayoishauri ni rahisi. Mahali unapoweza kurudi kwa miguu ndani ya saa moja, jitembeze. Mahali panapohitaji barabara moja ya mlimani, kivuko au treni isiyo na mbadala, nunua ziara ya meli, au ubakize akiba ya muda usiopungua saa mbili.

Angalia pia kama meli itafunga gati au itatia nanga nje. Mahali kama Geiranger meli nyingi hukaa katikati ya maji na abiria huletwa pwani kwa boti ndogo, isipokuwa chache zinazopata daraja linaloelea. Hapo hupewa namba na kusubiri zamu, na wenye ziara za meli hutangulizwa. Saa unayopaswa kuiwahi jioni ni ya boti ya mwisho.

Bergen kwa miguu

Jana yake uliza meli itafunga wapi. Magati ya Skolten na Bontelabo yako chini ya ngome ya Bergenhus, mwendo wa kama dakika kumi hadi Bryggen, mtaa wa kale wa bandari, na huna haja ya gari lolote. Likiwa gati la Jekteviken, upande wa pili wa mji, hairuhusiwi kutembea ndani ya eneo la bandari. Kuna basi la bure linalokutoa hadi katikati ya mji. Foleni ya basi hilo jioni huwa ndefu, hivyo ongeza dakika thelathini kwenye hesabu.

Kutoka Skolten, Bryggen ianze kabla ya saa nne asubuhi. Hizi ni nyumba ndefu za mbao zilizopangwa bega kwa bega, na vichochoro vyake havina upana wa watu watatu. Kufika saa tano mabasi ya vikundi yameshateremsha watu, na hutaona ukuta wala sakafu. Usiridhike na picha ya mbele. Ingia ndani kupitia kichochoro cha Bellgården au cha Bredsgården, tembea hadi mwisho wa kichochoro, kisha inua macho: utaona roshani za juu, ngazi za nje, na mihimili ya kunyanyulia mizigo.

Ukijua kilichofanyika humo utaona zaidi. Kuanzia mwaka 1360 hivi hadi 1754 hapa palikuwa na ofisi ya biashara ya umoja wa Hansa, wafanyabiashara kutoka miji ya kaskazini mwa Ujerumani. Walileta nafaka, wakachukua samaki mkavu aliyeshushwa na majahazi kutoka kaskazini mwa Norwei. Samaki huyo ni torsk, ndugu wa ng'onda wetu ila hatiwi chumvi: huanikwa kwenye vichanja wakati wa baridi hadi anakuwa mgumu kama gogo, na hukaa miaka bila kuoza. Wajerumani hao waliishi bila wake, na ndani ya nyumba hizi hawakuruhusiwa kuwasha moto hata wa kujipasha. Moto ulikuwa katika majengo ya nyuma tu, yaliyokuwa jiko na ukumbi wa kukutania. Hata hivyo mji uliungua mara nyingi. Nyumba unazoziona zilijengwa baada ya moto wa 1702 kwa ramani ileile ya zamani, na UNESCO iliziorodhesha mwaka 1979.

Utagundua pia kwamba kuta zimeegemea na sakafu zina mteremko. Msingi umekaa juu ya mbao na takataka za karne nyingi. Mbao zikizama ndani ya maji haziozi. Maji ya ardhini yaliposhuka kutokana na ujenzi wa jirani, hewa ikazifikia, zikaanza kuoza na nyumba zikadidimia. Wahifadhi wamefanya kazi ya miaka mingi kuyarudisha maji hayo juu. Tembea polepole: mbao za sakafu zikilowa huteleza kama sabuni, na watu huvunjika mikono hapo.

Nyuma ya Bryggen kuna Bryggens Museum, iliyojengwa juu ya mabaki yaliyofukuliwa baada ya moto wa 1955. Humo mna vijiti vya mbao vyenye maandishi ya runi, herufi za kale za watu wa kaskazini, na vingi ni vya mambo ya kila siku: hesabu za biashara, majina ya wenye mizigo, maneno ya mapenzi. Kiasi cha saa moja kinatosha. Jirani yake ni kanisa la Mariakirken la karne ya 12, jengo kongwe kuliko yote mjini, ambalo Wajerumani walilitumia kuanzia 1408. Nyumba kuu ya makumbusho ya Hansa ilifungwa kwa ukarabati mkubwa mwaka 2018, kwa hiyo tazama tovuti yao kabla ya kuihesabu katika siku yako. Ukumbi wa Schøtstuene, palipowashwa ule moto wa kupikia na kujipasha, una mlango wake peke yake.

Sasa mlima. Fløibanen ni kigari cha reli kinachovutwa na kamba ya chuma tangu 1918, na hukufikisha mwinuko wa mita 320 kwa dakika kama sita. Kosa la kila siku ni kukifuata saa nne hadi saa saba mchana, saa ambazo meli zote zimeshusha watu. Ama panda mara tu unaposhuka melini na uache Bryggen kwa baadaye, ama panda baada ya saa nane mchana ikiwa meli yako inaondoka usiku. Tiketi ya mtandaoni hukuepusha na foleni ya dirishani, si foleni ya kupandia. Shuka kwa miguu: njia imetengenezwa, ni mteremko wa kama dakika 45, na inakutoa karibu na soko la samaki. Kabla ya kulipa, simama gatini utazame juu. Kama kilele hukioni kwa mawingu, nawe ukiwa huko hutauona mji. Weka pesa yako, nenda makumbusho.

Nyumba ya mtunzi wa muziki Edvard Grieg, Troldhaugen, iko nje ya mji. Panda treni ya mjini, Bybanen, hadi kituo cha Hop, safari ya dakika ishirini na ushei, kisha tembea kama dakika 25 ukifuata vibao. Nunua tiketi kwenye mashine kituoni au kwa programu ya Skyss kabla hujapanda. Wakaguzi wapo, na faini yake inauma. Kwenda, kuona na kurudi ni nusu ya siku yako, kwa hiyo chagua ama Grieg ama mlima.

Ngome ya Bergenhus iachie mwisho, maana iko njiani kurudi gati la Skolten. Ukumbi wa Håkonshallen ulikuwa tayari mwaka 1261 kwa harusi ya mfalme Magnus. Tarehe 20 Aprili 1944 meli iliyojaa baruti, Voorbode, ililipuka bandarini chini yake na kuliondoa paa. Unaloliona ni la baada ya vita. Viwanja vyake ni bure, vina mabenchi, na ukikaa hapo meli yako unaiona.

Haugesund na Karmøy

Abiria wengi hupadharau Haugesund kwa sababu jina halivumi. Kwa anayependa historia tunapaweka juu kuliko bandari yoyote kati ya Stavanger na Bergen, kwa sababu ndipo jina la nchi lilipotokea. Jahazi lililosafiri kwenda kaskazini lilikwepa bahari kali kwa kupita mlango mwembamba wa Karmsundet, nyuma ya kisiwa cha Karmøy. Njia hiyo iliitwa Norðvegr, "njia ya kaskazini", nalo likawa jina la nchi. Aliyeushika mlango huo alitoza ushuru kila chombo, na ndiyo maana wafalme waliweka makao Avaldsnes, kwenye ukingo wake.

Gati la Garpeskjær liko karibu na mji. Kwa miguu unafika mtaa wa Haraldsgata kwa dakika kama kumi. Avaldsnes iko kusini, takriban kilomita kumi kwa barabara, kwa hiyo chukua basi la Kolumbus au teksi. Jumapili mabasi ni machache: angalia basi la kurudi kabla hujapanda la kwenda. Mkiwa wanne, teksi haitofautiani sana na tiketi nne za ziara. Kabla tu ya daraja la Karmsund, lililojengwa 1955, tazama mawe matano yaliyosimamishwa na watu wa kale, yaitwayo "mabikira watano wapumbavu".

Ukifika, anza na kanisa la Mtakatifu Olav, lililojengwa kwa amri ya mfalme Håkon Håkonsson yapata 1250. Ukutani upande wa kaskazini limesimama jiwe la zaidi ya mita saba, "sindano ya Bikira Maria", lililoinama kuelekea kanisa hadi mkono hauna nafasi kubwa ya kupita. Wenyeji husimulia kwamba siku litakapougusa ukuta, kiyama kimefika, na kwamba kasisi mmoja alilipanda usiku akamega ncha ili kuiahirisha. Dakika ishirini zinatosha, isipokuwa kanisa likiwa na ibada au mazishi, ambapo hutaruhusiwa ndani.

Kisha Nordvegen Historiesenter, kituo cha makumbusho kilichochimbiwa ardhini ili kisizibe kanisa: kipe dakika 45 hadi saa nzima. Kutoka hapo kuna njia ya miguu ya kama dakika ishirini hadi kisiwa cha Bukkøy, kwenye shamba la Waviking lililojengwa upya, lenye nyumba ndefu ya mita 25 na banda la mashua. Watu waliovaa mavazi ya zamani wakifanya kazi huwapo majira ya joto tu, kwa siku na saa maalumu. Anayefika mwezi Mei au Septemba bila kuangalia huenda akakuta milango imefungwa. Njia ina changarawe na mizizi. Kiti cha magurudumu kitahangaika. Kwa yote haya tenga muda wa saa nne kutoka ngazi ya meli hadi kurudi ngazini.

Asiyetaka basi atembee kaskazini kutoka mjini kilomita mbili hivi hadi Haraldshaugen. Ni mnara wa matale wa mita 17 uliozinduliwa 1872, kukumbuka miaka elfu moja tangu mfalme Harald Fairhair kuunganisha nchi, umezungukwa na mawe 29, moja kwa kila wilaya ya zamani. Skudeneshavn, mji wa nyumba nyeupe za mbao kwenye ncha ya kusini ya Karmøy, unapendeza mno, ila ni karibu kilomita 40 kutoka gatini. Usiuunganishe na Avaldsnes kwa mabasi ya kawaida; chukua teksi au ziara.

Stavanger na Flåm, kwa ufupi

Stavanger mtaa wa kale wa Gamle Stavanger uko kando kabisa ya meli, na kanisa kuu la karne ya 12 ni mwendo mfupi. Jabali la Preikestolen, mita 604 juu ya mkono wa bahari wa Lysefjord, ni jambo jingine. Basi hupita njia ya chini ya bahari, kisha kuna kilomita nane za kupanda na kurudi juu ya mawe, kwa muda wa saa nne au tano. Kama meli inakaa chini ya saa tisa, liache.

Flåm kila mtu huitaka treni ya Flåmsbana: kilomita 20, karibu saa moja kupanda na nyingine kushuka, kutoka usawa wa maji hadi mita 867 kwenye kituo cha Myrdal. Viti huisha majuma kabla ya meli kufika. Usingoje hadi gatini.

Mavazi, pesa na chakula

Bergen hupata zaidi ya milimita 2,200 za mvua kwa mwaka, karibu maradufu ya Dar es Salaam, na mwezi Julai joto hucheza kwenye nyuzi 15. Vaa tabaka tatu: fulana ya sufu au ya kukimbilia, sweta, na koti lisilopenya maji lenye kofia. Pamba ikilowa haikauki, nawe utatetemeka siku nzima. Mwavuli hupinduliwa na upepo wa pwani.

Fedha ni krone, si euro, na kadi hupokelewa hata chooni. Kabla ya safari iambie benki yako ifungue kadi kwa matumizi ya nje, na ujue namba ya siri, maana kugusisha tu hukoma kwenye krone 500. Maduka mengi hufungwa Jumapili.

Soko la samaki la Bergen ni zuri kwa macho na zito kwa mfuko. Bei nyingine huandikwa kwa gramu 100, kwa hiyo uliza jumla ya sahani kabla haijapimwa. Anayekula halali aulize kama supu ya samaki imetiwa mvinyo, na ajue soseji za vibandani mara nyingi zina nguruwe. Mkate mtamu wa mdalasini, skillingsbolle, unashibisha na bei yake ni nafuu.

Ukichelewa

Karatasi ya ratiba ya kila siku huwa na namba ya wakala wa bandari. Iingize simuni asubuhi. Ukiona hutawahi, mpigie wakala kabla meli haijaondoka, si baada yake, kwa sababu anaweza kuwajulisha walioko melini na kuomba pasipoti yako iachwe kwake. Usikimbie gatini bila kupiga. Meli ikishaenda, wakala hukusaidia kupanga njia ya bandari inayofuata kwa gharama yako: Bergen hadi Stavanger kuna basi la kama saa tano linalopita karibu na Haugesund, na kuna ndege. Polisi ni 112, gari la wagonjwa 113, zimamoto 110, na daktari wa zamu kwa jambo lisilo la dharura ni 116117.